Ruhusa ya Kuangalia Tu

Mume wangu ni fundi wa mageti. Binti yetu amesomea uchoraji wa majengo, na tangu arudi nyumbani wanachora pamoja, kama kweli huko ni kuchora pamoja. Mzee ana kompyuta yake ya mezani pale sebuleni, kubwa kama kabati. Ya binti ni ya aina nyingine kabisa, nyembamba, anaibeba kwapani. Mambo ya kompyuta mimi sina habari nayo. Hao wawili ndio ninaowajua.

Mwanzoni michoro ilisafiri kwa flashi. Binti anatoka chumbani, anachomeka, ananakili, anarudi. Mwisho flashi ikafuliwa ndani ya suruali ya mzee, na mfuaji ni mimi, basi nikasemwa wiki nzima. Hapo binti akaamua kuziunganisha mashine zote mbili kwa waifai ya humu ndani. Zilikataa kuonana kama mawifi waliogombana, mpaka akagundua kuwa ile ya mzee ilikuwa inamfungia mlango kila mgeni. Akaifungua, akaiwekea neno la siri, na folda ya mageti ikatokea kwenye ile nyembamba.

"Baba, nikuwekee niweze na kubadilisha?"

"Uangalie tu," mzee akasema. "Kuangalia kunatosha."

Akaweka hivyo hivyo. Niliuona uso wake ukinywea.

Haukupita muda kampuni moja ya mji mwingine ikamwita binti kazini. Hakuwajibu ndiyo wala hapana. Roho yangu haikutulia: mtoto mwenyewe mmoja, na ndiyo kwanza nimemzoea tena mezani.

Kisha likaja geti la mwalimu, jirani yetu. Binti alipoufungua mchoro akaona geti linafunguka kwa ndani, na uwanja wa mwalimu, uliomwagwa zege, unapanda pale pale mlangoni. Lingekwama kwenye zege. Akamwambia baba yake. Mzee akajibu kwamba amechora mageti tangu yeye hajazaliwa, na vyuma vitakatwa kesho.

Tulipokuwa tunakula, binti yuko chumbani kwake amesusa, uvumilivu ukanishinda.

"Mzee, neno la siri la kompyuta yako aliliweka nani?"

"Si binti yako?"

"Basi analo. Angetaka, angelibadilisha hilo geti wewe ukiwa unakoroma, na usingejua. Yeye kaja kukuomba. Unataka adabu gani tena zaidi ya hiyo?"

Mzee akaacha kutafuna. Akanawa mikono, akaenda sebuleni, akamwita.

"Nionyeshe panapobadilishwa hiyo ruhusa. Usibonyeze, nitabonyeza mwenyewe."

Akahangaika na kipanya, akabonyeza. Halafu akasema, bila kumtazama mtoto, "Nilijua ukianza kurekebisha, utarekebisha yote. Sasa mimi nibaki na kazi gani?"

Na mimi niliyesimama mlangoni na hasira zangu, nilimhurumia mume wangu. Binti akavuta kiti, akaketi karibu na baba yake.

"Baba, tukilifanya la kuteleza pembeni, reli yake inakaa wapi? Hilo mimi silijui."

Mzee akavaa miwani, wakainamia kioo wote wawili. Wale wa kampuni walipopiga simu kesho yake, nilimsikia binti akiwashukuru na kuwaambia kwamba ana kazi nyumbani.