Ngoma ya Kaleli Iliyochechemea

Kabla mguu wake haujaharibika, Kaleli alikuwa mwongoza maksai katika shamba moja la katani, mashariki ya Thika. Alitembea mbele yao siku nzima, na kwa kuwa njia ilikuwa ile ile, macho yake yalipata kazi ya kuwatazama. Akagundua jambo. Maksai wawili wakifungwa nira moja kwa muda mrefu, hata ukiwafungua waende malishoni, bado wanatembea sambamba. Huyu akiinua mguu na yule anainua. Huyu akisimama kukojoa, na mwenzake naye anasimama.

"Nani amewafunza?" alimwuliza rafiki yake Kilonzo.

"Njaa," Kilonzo akajibu, na kuendelea kufunga mizigo.

Msimu mmoja wa mvua mkokoteni uliteleza, gurudumu likapita juu ya mguu wa kushoto wa Kaleli. Ulipona, lakini ulipona vibaya, ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Akahamishiwa kazi ya kuanika katani. Kazi hiyo haikumsumbua. Kilichomsumbua ni barabara. Wenzake walianza safari pamoja naye wakipiga soga, na kabla hadithi haijaisha walikuwa mbele, na yeye anasikia vicheko tu bila kujua wanacheka nini. Mbithe, mkewe, ndiye peke yake aliyepunguza mwendo, na hata yeye alipunguza kwa kujilazimisha. Kaleli aliliona hilo.

Halafu kanisa lao la mabati likakosa mpiga ngoma. Kaleli akajaribu. Kila Jumapili waumini waliandamana kutoka nyumba za wafanyakazi hadi kanisani, na ngoma ilitangulia. Kaleli alipiga vile alivyotembea: pigo zito kwa mguu mzima, kimya kidogo mguu mfupi ukivutwa, kisha pigo jepesi. Zito, kimya, jepesi. Hakuna aliyeambiwa afuate. Lakini ungesimama kando ya barabara ungeona ajabu: wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa mtaa wa Kamenu waliovaa viatu vya kuazima, wote wanachechemea kidogo, mguu ule ule. Na ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, Wakamba na Wakikuyu wakitazamana kwa pembe ya jicho kwenye mfereji wa maji. Ila watu walioanza maandamano wakinuniana walifika kanisani wakisogezeana benchi. Kaleli hakujua sababu. Alichojua ni kwamba Jumapili hakuna mtu aliyemsubiri, kwa sababu hakuna aliyemwacha.

Hiyo ikaendelea hadi mkutano wa makanisa kule Ruiru. Watu wa Thika waliingia na ngoma yao, na mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akashika kiuno. "Haiya! Hawa wote wamekanyaga mwiba mmoja?" Uwanja mzima ukacheka. Mwalimu Zacharia, kiongozi wa kanisa, aliinamisha uso. Waliporudi alimpa ngoma Macharia, kijana aliyetoka shule karibuni, aliyepiga sawasawa kama askari wa gwaride.

"Usikasirike, Mzee Kaleli," Zacharia alisema. "Umechoka, pumzika."

"Mimi sijachoka, Mwalimu. Nachechemea tu."

Basi Kaleli akarudi kuwa wa mwisho, Jumapili kama Jumatatu. Na mwaka huo huo Mbithe akaugua kifua, akafa.

Mikusanyiko ilihitaji ruhusa. Bwana D.O., afisa wa wilaya, aliruhusu mazishi, ila yawe yamekwisha ifikapo saa kumi, na akatoa askari mmoja wa kusimamia. Zacharia aliogopa. Alisema wakifika kaburini wanashusha mara moja, hakuna kungoja.

Kilonzo na wenzake watatu wakabeba jeneza begani. Kaleli alishika ubao wa jeneza kwa nyuma, binti yake Kamene kando yake. Macharia akaanza: du, du, du, du. Watu wakashika mwendo. Mlima ulipoanza, ubao ulichomoka mkononi mwa Kaleli. Akavuta mguu, akaugusa ubao tena kwa vidole. Ukachomoka tena.

"Baba, niwaite wasimame?"

"Usiite. Mama yako hasimamishwi njiani."

Pengo likakua. Waliokuwa nyuma waliwapita kwa aibu, macho chini, miguu yao imeshikwa na ngoma. Kaleli alianza kuelewa kwamba Mbithe atazikwa yeye akiwa bado barabarani.

Chini ya jeneza Kilonzo hakuweza kugeuka. "Kaleli! Uko?" Akaita tena, "Wewe wa mguu na nusu, jibu!"

Macharia akasikia, akageuka. Mbali kabisa, barabarani, kulikuwa na watu wawili wadogo.

"Piga, kijana!" Zacharia akamwambia. "Saa inaenda."

Macharia akapiga pigo zito. Kisha akauzuia mkono. Kisha jepesi. Mwanzoni alikosea, watu wakakanyagana visigino, jeneza likayumba. Kilonzo akaguna mahali pa kimya, "hmm," na wabebaji wenzake wakaguna naye. Miguu ikakumbuka. Lakini Macharia hakwenda mbele. Alipiga papo hapo, na watu wakainua na kushusha miguu papo hapo, na jeneza likapanda na kushuka begani kama lililo safarini, mpaka Kaleli akafika na kuweka kiganja chake kwenye ubao. Ndipo wakaendelea.

Askari akaja mbio, bunduki begani. "Nyinyi! Hii ni matanga ama ni densi? Harakisha!" Hakuna aliyeharakisha. Akaamua kutembea kando yao, akiwafokea. Baada ya muda kufoka kukapungua. Kamene, machozi yakimtoka, alitazama chini akaona buti za askari: moja inakanyaga, nyingine inavutwa. Askari naye akaona. Akabadilisha mguu kwa nguvu, akaenda hatua chache peke yake, kisha buti zikarudi zenyewe kwenye ngoma.

Saa kumi ilikuwa imepita walipofika. Zacharia alimtazama askari kwa hofu. Askari alitazama jua, akasema, "Maliza," akawapa mgongo.

"Shusheni," Zacharia akanong'ona.

Jeneza lilikuwa juu ya kamba, wabebaji wamezishika tayari, lakini hakuna mkono uliosogea. Walikuwa wanamtazama Kaleli. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya ubao. Kisha akakiondoa.

"Haya. Mshusheni polepole," akasema, na kamba nne zikalegezwa kwa pamoja.