Mzabibu wa Mtakatifu Yosefu

Mama Euphrasie alirithi kwa babake kazi ya kutunza mzabibu wa parokia, karibu na Kasongo. Pamoja na kazi alirithi amri moja: mzabibu hupogolewa siku ya Mtakatifu Yosefu, mwezi wa tatu. Ndivyo alivyoagiza padri aliyeupanda, ili zabibu za divai ya misa ziive wakati wa kiangazi.

Lakini joto la siku hizi linaziivisha haraka, na mvua nazo zinachelewa kukoma. Miaka mitatu mfululizo vichala vililowa vikiwa vinaiva, vikaoza vyote.

Mwaka huu sikukuu ilifika, kisu cha Euphrasie kikabaki ukutani. Katekista Lwamba akamjia juu.

"Mama, unataka kuua muti wa Mungu? Sikukuu imepita!"

"Acha ipite. Mimi naangalia mvua, siangalii kalenda."

Akapogoa mwisho wa mwezi wa nne, watu wakimcheka waziwazi. Mwezi wa nane, vumbi likiwa limetanda barabarani, vichala vilining'inia vyeusi, vizima, bila doa hata moja. Lwamba akaonja zabibu moja, akaonja ya pili, akaonja ya tano. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa Mutakatifu Yosefu tutamwambia nini?"

Euphrasie akampokonya kichala.

"Yosefu alikuwa seremala," alisema. "Kulima aniachie mimi."