Dada Yetu Aliye Mbali

Kaka yangu hupenda kuwaambia wageni kwamba nilikwenda umisionari kwa bahati mbaya: eti siku mchungaji alipouliza nani yuko tayari kutumwa, mimi niliinua mkono kuomba dirisha lifungwe. Si kweli. Lakini kila anayenijua huamini papo hapo, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi ni mtu wa nyumbani. Pikipiki ya kutoka hapa Gashonga hadi mjini Kamembe hunitia kichefuchefu. Sijamaliza kununua chumvi nimeshaanza kuulizia ya kurudi. Ndiye mtu huyo kanisa lilimpeleka Togo, miaka mitatu, akafundishe wasichana kushona na kusoma Biblia, kwa sababu alikuwa na Kifaransa cha sekondari, alikuwa na cherehani, na hakuwa na mume wa kumlilia.

Kilichonishikilia kule, niseme ukweli na Mungu anisamehe, haikuwa Biblia peke yake. Zilikuwa odio za rafiki yangu. Tulikua pamoja ng'ambo, Bukavu kule Kongo, tukarudi Rwanda pamoja, akaolewa kilima kinachotazamana na chetu. Kila Jumatano wamama wa kanisa hukutana kwenye chumba cha maombi, na akitoka pale alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti. Alianza vilevile siku zote: "Dada yetu aliye mbali, habari ya huko?" Maneno hayo aliyatoa kwenye karatasi ya maombi iliyobandikwa ukutani mwa kile chumba. Mimi nilikuwa mstari wa nne: *Dada yetu aliye mbali. Mungu amlinde na malaria. Ampe watu wa kuongea nao.* Baada ya salamu ulifuata umbea, mtamu, na kicheko chake cha puani. Nami namjibu dakika sita, saba, nikilalamika. Kulalamika nako ni kipaji.

Nilirudi mvua zilipoanza. Siku ya kwanza nyumba ilijaa: nyimbo, soda, na ushuhuda. Walinipa nusu saa nieleze matendo makuu ya Mungu. Nikatumia dakika tano, maana nilichotenda hasa ni vifungo na pindo za sketi. Rafiki yangu alikuja katikati ya wengine, akanikumbatia, akakaa karibu na mlango, akaondoka na wengine. Nikasema moyoni: amechoka, tutaonana kesho.

Watu walipokwisha kutawanyika, mama alikaa kumenya ndizi, akasema kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni:

"Bwana ya rafiki yako alikufaka. Mwaka inapita sasa."

"Alikufa? Na hamukuniambia?"

"Tulikuficha. Muntu iko ku kazi ya Mungu, habamutumii habari mubaya. Ungevunjika roho."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye ndiye alisema wa kwanza: musimuambie."

Nilichukua simu nikaenda nyuma ya nyumba, nikazipandisha odio zetu mpaka wiki ile ya msiba. Ya kwangu ilikuwa ya dakika sita. Niliisikiliza yote, kwa adhabu. Nilikuwa nalilia sambaza. Mtu mzima, mjumbe wa Injili, dakika sita nalilia visamaki vya Kivu na ndizi za mama. Yake ilikuwa fupi: "Dada yetu aliye mbali, vumilia. Mungu anakuona." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wengi wakiimba. Nikakumbuka nilimuuliza: "Mbona kelele hizo, kuna arusi?" Akajibu: "Kuna batu tu." Nikarudi kwenye sambaza zangu.

Yalikuwa matanga ya mume wake.

Basi kwenda kumpa pole ikawa kesho, kesho ikawa wiki. Pole ya mwaka mzima mtu anaingia nayo kwa mlango gani? Naye hakuja. Wala odio haikuja; aitume ya nini, na paa lake naliona nikianika nguo? Nilivuka nchi ngapi kurudi kwake, nikashindwa na bonde moja.

Jumatano tu ndiyo tulikuwa tunaonana, naye anakaa mkeka wa mbele. Jumatano yangu ya kwanza, kiongozi wetu alifumba macho, akaishuka karatasi mstari kwa mstari kwa kukariri, mpaka akafika: "Baba, tunakukabidhi dada yetu aliye mbali. Mupe batu ya kuongea nao."

Nilikuwa nimekaa pale, kati ya mlango na ndoo. Nikasema "Amina" kuwashinda wote. Hakuna aliyefumbua jicho. Mstari ule walikuwa wameuomba hadi ukazoea kwenda wenyewe, kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Ningeweza kusema, "Wamama, mimi huyu hapa." Sikusema. Kule Togo ombi lile lilijibiwa: nilikuwa na jirani, bibi mjane, aliyeniita kila asubuhi juu ya ua kuniuliza nimepika nini, kisha akaniambia nimekosea. Hapa nilikuwa naongea na kuku, na kuku wenyewe hawakukaa. Nikaona mstari ubaki, bado una kazi. Wiki zikapita, naombewa kama niko mbali, naitikia kama niko karibu.

Halafu ikafika zamu yangu ya kusoma karatasi.

Nikasoma mgonjwa wa mstari wa kwanza, mvua ya wa pili, vijana wa wa tatu. Nikaingia wa nne na sauti yangu mwenyewe: "Dada yetu aliye mbali..."

Chumba kikapasuka kwa kicheko.

"Kumbe uko bado Togo!"

"Yesu! Tunamuombea na tuko tunamukanyaga muguu!"

"Ndiyo maana sijaona sabuni yangu. Mizigo bado iko ku njia!"

Nikacheka nao, kuchekwa nimezoea, ni kama mboga kwangu. Kiongozi akanipa kalamu. "Jifute, maman, umefika."

Kalamu ikakaa mkononi. Rafiki yangu peke yake hakuwa amecheka. Akasema bila kugeuka:

"Mumuache."

"Kumuacha namna gani?"

"Ule mustari niliuona tangu Jumatano ya kwanza. Ule muntu hajafika."

Wengine wakacheka tena, wakidhani anatania. Mimi nilirudisha kalamu.

Tulipotoka nilimkimbilia, nikamfikia kwenye bomba la maji, pale njia zinapoachana. Nilikuwa na pole yangu kinywani, tayari. Nikafungua mdomo, kikatoka: "Mihogo yako inaendeleaje?"

Akanitazama. "Si unaiona kutoka kwenu?"

"Naiona."

"Basi. Mihogo iko muzuri." Akaweka kitenge chake sawa begani. "Sikia. Uso kwa uso huwezi. Hata miye siwezi. Miaka tatu nilizoea kukusikia. Sasa nikikuona nasikia haya. Unitumie odio."

"Odio? Na kwako ni pale!"

"Ni pale. Tuma."

Nilikaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Ng'ambo ya bonde nilimwona akianika maharage mkekani, mdogo kama punje zenyewe. Nilirekodi, nikafuta. Nikarekodi, nikafuta. Ya tatu niliitaja pole, nikamtaja mume wake, jinsi alivyokuwa akinitania kwamba cherehani yangu inapiga kelele kuliko mke wa mtu. Nikasema nilikuwa nalilia sambaza naye akiwa kwenye matanga, na kwamba nimeona haya kuvuka bonde. Sikulalamika kuhusu kitu chochote. Mama alipita akaniuliza kama naumwa.

Nikatuma. Nikamwona anapangusa mikono, anaweka simu sikioni. Alisimama hivyo muda mrefu. Hakugeuka upande wangu. Kisha akaingia ndani, mkeka ukabaki nje peke yake.

Odio yake ilipofika, ilianza vilevile: "Dada yetu aliye mbali." Kisha kuku wakilia, na mtu anavuta kamasi. Halafu:

"Siku ile uliniuliza kama ni arusi. Nikakuambia kuna batu tu. Nilingojea uniulize mara ya pili. Ungeuliza tena, ningekuambia. Lile neno 'musimuambie' nilisema miye, lakini nilingojea."

Nililitazama paa lake. Nikabonyeza, nikauliza:

"Ile kelele nyuma yako ilikuwa ya nini?"

Jibu lilichelewa. Wingu la mvua lilishuka upande wa Bugarama, na mkeka wa maharage bado uko nje. Nilikuwa nimeshavaa viatu nikauanue mwenyewe simu ilipolia. Odio ya dakika kumi na moja. Niliiweka sikioni, nikateremka bondeni nikimsikiliza.