Mapovu kwenye Mshipa

Kila aliyewahi kuuguza mtu wodini anajua: dripu ikiingiza hewa, mgonjwa kwisha. Sikumbuki nani aliniambia, ila nililijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo siku zote nilizomuuguza mdogo wangu wa kike hapa Kigoma macho yangu hayakubanduka kwenye ule mrija. Nikiona povu naligonga kwa ukucha, na nesi akichelewa namfuata aliko. Walinichoka, nami niliwachoka.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda akishuka Kalinzi na ndizi zake. Akavunjika mguu, akafungwa plasta, akawa anashinda kitandani kwake Buzebazeba. Asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka, mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande. Kiharusi, kwa mtu ambaye hata miaka arobaini hajafika. Kiswahili kikampotea, kikabaki Kiha chetu cha nyumbani, nacho kwa shida. Hospitali, picha ya kichwa ikaonyesha donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Mguu nao ulikuwa umevimba kwa damu iliyoganda.

"Donge likitoka mguuni huishia kwenye mapafu," daktari wa moyo aliniambia. Alikuwa kijana mpole, kaja kwetu kwa siku chache tu. "Halifiki kichwani, labda lipate tundu ndani ya moyo livuke upande wa pili. Na kama tundu lipo, donge jingine linaweza kupita wakati wowote. Nataka nijue leo, mama."

Nikamweleza mdogo wangu kwa Kiha, akaitikia kwa kichwa.

Chumba cha kipimo kilikuwa na giza. Daktari akampaka jeli kifuani, moyo ukatokea kwenye skrini ukifunguka na kujifunga. Hapo nilikuwa mtulivu. Kisha nikamwona anashika mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa, maji ya chumvi ndani yake, anayasukuma huku na huku kwa kasi mpaka maji yakawa meupe kwa mapovu. Akausogelea mkono uliolegea, wenye sindano ya dripu.

Nikamkamata.

"Hayo mapovu unayapeleka wapi?"

"Kwenye mshipa, mama."

"Mshipa wa nani?"

Hakukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. Akasema ni madogo mno. Yataingia upande wa kulia wa moyo, yaende mapafuni, yaishie huko. Yakionekana upande wa kushoto, basi tundu lipo.

"Na yakivuka?"

"Hatari yake ni ndogo sana. Donge ndilo ninaloliogopa."

Sikumwachia. Wanasema mgonjwa haulizwi uji, na kweli hakuna aliyemuuliza yule wetu. Aliunyanyua mkono wake wa kushoto, ule wenye nguvu, akanibandua kidole kimoja kimoja kutoka kwa daktari.

Kumbe bado nilikuwa na kazi. Mgonjwa alitakiwa abane pumzi na kujikaza, kisha aachie anapoambiwa, na Kiswahili hakikumwingia. Mimi ndiye niliyepaswa kumwamuru. Nikamweleza kwa Kiha habari ya mapovu na tundu, nikamwambia ajikaze kama siku ya kumzaa kitinda mimba wake. Mishipa ya shingo ikamtoka. Daktari akasukuma mapovu, upande wa kulia wa moyo ukajaa weupe kama beseni la sabuni.

"Aachie," akasema daktari.

Nikamwambia aachie. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi tii, nami nikamwomba Mungu ubaki hivyo hivyo. Kikatokea kidoa cheupe. Vikafuata vingine viwili, halafu kundi zima.

Mdogo wangu hakuiona skrini, ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Alikuwa ananitazama mimi usoni. Akauliza kwa Kiha, neno moja moja, kama yamevuka. Mimi ninayejulikana Ujiji nzima kwa mdomo nilijibu kwa kichwa tu.

"Basi wazibe tundu," akasema.

Daktari alikuwa ameanza kutikisa mabomba mengine, maana alitaka kurudia kipimo ili awe na hakika. Mdogo wangu aliusikia mlio wa mabomba. Kwa mkono wake mzima akaushika ule uliolegea, akaunyanyua, akamwekea daktari mbele yake.