Bangili Iliyofungwa Kitambaa

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nakusimulia wewe kwa sababu jana nilikuona uwanjani umenuna, mwamuzi alipokwambia uvue hereni. Ulimtazama kama vile amekutukania mama yako. Basi kaa hapa unisikilize.

Nilikuwa nasoma sekondari ya bweni hapa Tabora, nacheza netiboli, na kwa kuruka nilikuwa sishikiki. Rafiki yangu Nyamizi, mzaliwa wa kule Goweko, tulikuwa timu moja. Mkononi alivaa bangili ya shaba aliyopewa na bibi yake, yule aliyemrithisha jina. Kwetu Wanyamwezi kitu cha namna hiyo hukifanyii mchezo.

Wasichana wa Kaliua walipokuja kucheza nasi, mwamuzi alikuwa Mwalimu Kabula, na alitukagua mmoja mmoja. Cheni, pete, shanga, vyote vikaingia kwenye kofia yake. Alipofika kwa Nyamizi, Nyamizi akasema ile ni ya bibi, haivuliwi. Mwalimu naye Mnyamwezi, na Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani, lakini mkono wake aliurudisha upesi. Akasema mambo ya wazee wa watu yeye haingilii. Nyamizi aifunge kitambaa tu, acheze.

Kitambaa! Kitambaa kitafanya nini mbele ya shaba? Mpira ulipanda, tukaurukia wote wawili, mimi na Nyamizi. Nikasikia kishindo ndani ya kichwa. Nilidhani ni mpira umenipiga, nikacheka, kisha nikawaona wenzangu wameshika vichwa na hakuna anayenisogelea. Nikajigusa uso, mkono ukarudi na damu. Jicho langu hili la kushoto, ambalo ninyi mnadhani ni uzee, lilizimika palepale.

Bibi yake Nyamizi alikuja hospitali kwa treni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kitandani kwangu. Nyamizi alisimama mlangoni analia, bangili bado iko mkononi. Mwalimu Kabula akaanza kumweleza bibi, kwa adabu zote, jinsi alivyoogopa kuivunjia heshima bangili ya ukoo. Bibi alimsikiliza mdomo wazi.

"Nani aliwaambia haivuliwi?" akauliza. "Mimi yangu naivua kila nikisonga ugali. Mngeniuliza."

Mwanangu, nilishtuka pale kuliko nilivyoshtuka uwanjani. Jicho langu lilipotea kwa ajili ya mwiko wa mila ambao haukuwapo. Nyamizi hakudanganya, aliamini hivyo kwa kumpenda bibi yake, na sikumchukia. Lakini mpaka leo sijajua niliite nini jambo lile.

Kwa hiyo ukiambiwa vua, vua. Usidhani mwamuzi anauonea wivu urembo wako. Sheria ile inamlinda anayeruka karibu nawe, na mara nyingi huyo ni rafiki yako. Na siku utakayoshika filimbi wewe, usimwonee mtu haya, hata akikutajia babu yake na mizimu ya kwao. Kama una shaka kuhusu mambo ya wazee, waulize wazee. Tupo, na midomo tunayo.

Mungu akutunzie macho yako yote mawili, na ya kila atakayecheza nawe. Haya, niachie hereni hizo, uende mazoezini.