Kazi Niliyomnyang'anya Ndugu Yangu

Jino langu la kwanza la ukubwani liling'olewa na fundi wa viatu. Wakati huo Rongai haikuwa na daktari wa meno, na wa Nakuru hakuwa wa watu kama sisi. Fundi alikuwa na koleo, na mwenye koleo ndiye alikuwa daktari. Baba alinishika kichwa, fundi akaniambia nimtazame kunguru juu ya paa la stesheni, na kabla sijamwona kunguru yeyote jino lilikuwa chini kwenye vumbi. Damu niliimeza. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi, vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo.

Maumivu yenyewe nimeyasahau. Ninachokumbuka ni ndugu yangu mdogo, ambaye baba alikuwa amembeba mabegani. Nilipolia kidogo, yeye alilia mara mbili. Fundi akauliza, "Sasa hapa ni nani anang'olewa?" Watu waliokuwa wakingoja viatu vyao wakacheka. Njia nzima mpaka nyumbani alilia, na jioni alikataa uji kwa sababu mimi sikuweza kula. Mama akamwambia mdomo wako uko sawa, kunywa. Hakunywa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Mimi nilikuwa wa nguvu, yeye wa huruma. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mzungu wa shamba alitaka watoto wa kufukuza ndege kwenye ngano, na baada ya hapo sikuona tena haja. Kuandika huku ninakoandika nilijifunza ukubwani, kwa kusoma vichwa vya magazeti yaliyofungia sukari. Ndugu yangu alifika darasa la tano, akatoka akaenda kutafuta kazi. Alipata Kariandusi, kule Elmenteita, kuchimba udongo mweupe ule unaofanana na unga. Akija nyumbani Krismasi, hata nyusi zilikuwa nyeupe. Mama alikuwa akimpangusa kwa kanga kama mtoto.

Ekari tano za baba, za ule wakati watu walipochanga kwenye kampuni kununua mashamba ya wazungu, ziliandikwa jina langu. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, mimi ndiye niliyekwenda ofisini. Ndugu yangu hakuuliza kitu. Nami sikumwambia kitu. Nalisema hapa kwa sababu anayesoma ajue mapema mimi ni mtu wa namna gani.

Alirudi baada ya ile miaka ya barakoa. Alikuja na begi moja na redio iliyofungwa kwa mpira. Hakuwa na mke. Aliwahi kukaa na mwanamke Gilgil, wakaachana, hakunieleza na mimi sikuchimba. Pumzi yake ilikuwa imekuwa fupi. Sisemi ni ule udongo, baba yetu naye alikuwa na kifua hicho hicho na hakuwahi kuuona. Jioni ya kwanza alikula ugali, akanawa, akaniambia:

"Mkubwa, sikuja kula bure. Nipe kazi. Nikikosa kazi hapa nitakuwa mgeni, na mgeni ana siku zake."

"Hapa ni kwenu," nikasema.

"Kwetu ni pale ninapofanya kazi," akasema, akaenda kulala.

Basi mke wangu ndiye aliyepanga. Tulikuwa na ng'ombe watano wa maziwa, na ekari tatu za mahindi, zile nyingine mbili ni boma na nyasi ya nepia. Akasema, "Shemeji atashika ng'ombe. Baba watoto, wewe ushike shamba." Hakueleza sababu, wala sisi hatukuuliza. Alfajiri ndugu yangu alikamua, akabeba maziwa mpaka njia panda kabla ya saa moja, maana lori la maziwa halimngoji mtu. Ukichelewa unarudi na maziwa yako ukayaoge. Akirudi anakata nepia, anaosha banda. Mimi hapo nilikuwa shambani tangu giza linapasuka, na kabla jua halijakaza nimepalilia mistari sita.

Mwaka ule mahindi yetu yalikuwa safi mpaka watu walikuwa wanasimama barabarani kuangalia. Ghala lilijaa, magunia mengine tukayaegemeza sebuleni, wageni wakakaa juu yake kunywa chai. Ndugu yangu alinenepa kidogo. Akikamua alikuwa akiimba nyimbo za kanisa kwa pua. Nilidhani hiyo neema ni ya mvua.

Sasa niseme ubaya wangu. Asubuhi moja nilimfuata njia panda kwa sababu mtungi mmoja ulikuwa mzito. Nilikuwa nimetoka shambani, gambuti miguuni zimejaa tope, koti limechanika kwapa. Karani wa lori, kijana tu, akamwita ndugu yangu, "Mzee wa maziwa, niaje! Leo pia maji hakuna, kipimo kinapenda wewe." Kisha akanitazama mimi. "Na huyu mzee ni mtu wako wa kibarua?"

Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye kidumu akasema, "Ata kibarua chake ni kizee kuliko yeye!" Ndugu yangu naye alicheka, lakini mara moja akasema, "Huyu ni mkubwa wangu. Ng'ombe ni zake, mimi ni mikono tu."

Alisema vizuri. Hakuna mtu angesema vizuri zaidi. Lakini kitu kilikuwa kimeniingia, na hakikutoka.

Msimu uliofuata, tulipokuwa tumeshapanda na mahindi yametokeza, palikuja semina ya wakulima kanisani. Mwalimu alikuwa binti wa kilimo, mdogo, sauti kama kengele. Alibandika karatasi kubwa ukutani. Chini akachora ng'ombe, pembeni akachora hindi, na katikati akavuta mstari uliopinda kama mgongo wa mtu aliyeinama.

"Wazee wangu," akasema, "huu mstari ni nguvu zenu zote za siku moja. Mkitaka kwenda kwa ng'ombe zaidi, mnatoka kwa mahindi. Hamwezi kupata vyote zaidi. Gharama ya maziwa ni yale mahindi mliyoyaacha bila kupalilia mkikamua. Nani ataniambia gharama ya kulala mchana?"

Mzee mmoja nyuma akasema, "Mke kununa mpaka jioni!"

"Hiyo pia ni gharama," binti akasema, na kanisa zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mstari ule. Akasema mtu akikaa ndani ya mstari anapoteza, yaani ana nguvu ambazo zinamwagika bure. Nikajiuliza, kwangu zinamwagika wapi? Jibu lilikuja haraka, kwa sababu nilikuwa nimeshalitafuta. Ndugu yangu akikamua ng'ombe watano anachukua saa moja na robo. Mimi nachukua saa moja. Hiyo robo, nikasema moyoni, ndiyo inamwagika.

Saa sita wakagawa soda na mkate. Wingu lilikuwa limeanza kukaa juu ya Menengai. Nilikunywa yangu nikasimama. Mke wangu akaniuliza, "Unaenda wapi, si bado?" Nikamwambia nimeshapata nilichokuja kuchukua.

Jioni ile nikamwambia ndugu yangu, "Kesho nitakamua mimi. Wewe uingie shamba."

Alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka chini taratibu. "Nimeharibu wapi, Mkubwa?"

"Hujaharibu. Ni hesabu tu. Mimi nakamua haraka."

"Ni kweli," akasema. "Unanishinda."

Na ukweli usipindwe, nilimshinda. Nilimshinda kukamua, nilimshinda kulima, hata kukata nepia. Hiyo ndiyo ilinipofusha. Mtu akiwa anashindwa kila kitu na ndugu yake, utasemaje ana kitu chake?

Mke wangu alifika giza likiingia, viatu mkononi kwa tope. Nikamwambia nilivyopanga. Akasimama mlangoni.

"Ungekaa mpaka mwisho," akasema. "Baada ya soda alitueleza habari ya dada wawili. Mkubwa anajua kusuka nywele na kupika chapati kuliko mdogo. Lakini mdogo kwa chapati anakaribia, kwa nywele ameachwa mbali. Mkubwa akisuka vichwa vitatu, yeye amesuka kimoja na mteja analia. Sasa nani akae jikoni?"

"Mkubwa, si anajua zaidi?"

"Mdogo! Mkubwa akiingia jikoni, vichwa vitatu vinaenda zao. Mdogo akiingia, kimeenda kimoja. Si kuuliza nani anajua. Ni kuuliza nani akishika hii anaacha kidogo. Wewe ukishika ng'ombe unaacha mistari sita. Shemeji akishika ng'ombe, anaacha mmoja na nusu. Siku alizokusaidia palizi hajaweza zaidi na hataweza, angalia pumzi yake."

"Ulikunywa soda ngapi?" nikamwuliza.

Akanitazama, akaweka viatu chini. "Moja," akasema. "Lakini mimi niliimaliza nikiwa nimekaa."

Basi nikaanza kukamua. Nilikamua haraka, nikabeba maziwa, na karani akasema, "Leo kibarua amepanda cheo!" Nikamwambia mimi ndiye mwenye ng'ombe, andika hivyo. Akasema sawa boss. Nilijisikia vizuri mpaka nikafika nyumbani. Nikirudi, nikate nepia, nioshe banda, ilikuwa saa nne na jua limeshakaa mgongoni. Zile saa za baridi, zilizokuwa zikinipa mistari sita, zilikuwa zimekwisha. Niliingia shambani nikapata mistari miwili, siku nyingine mmoja.

Na yeye nilimkuta kule mwisho wa mstari, amekaa juu ya tuta, mikono kwenye magoti, anatafuta hewa. Akiniona anasimama haraka kama mtoto wa shule. Mstari mmoja na nusu. Kila siku mmoja na nusu, na ule nusu alikuwa akiulazimisha mpaka midomo inabadilika rangi.

Mvua ya Mei haina subira na mtu. Palizi ukiichelewesha wiki mbili, magugu yanakuwa wenyeji na mahindi yanakuwa wageni. Jirani alipita na boda akapunguza mwendo, akapaza sauti, "Mzee, mwaka huu umepanda nini, ni nyasi ya kuuza?" Majani yalianza kuwa ya njano. Maziwa hayakuongezeka hata kikombe, maana ng'ombe hajali amekamuliwa kwa saa moja au kwa saa na robo. Ile robo niliyoiokoa sikuwahi kuiona imekwenda wapi.

Jambo jingine. Alikuwa bado anaamka saa yake ya zamani. Natoka na ndoo gizani namkuta ameshafika bandani, amesimama kando ya nguzo, mkono mgongoni mwa ng'ombe. Haimbi. Nilimwambia, "Jembe liko pale." Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Jumapili moja tukitoka kanisani alitembea nami nyuma ya wengine. Akasema, "Mkubwa, nakurudisha nyuma. Mahindi yamekufa mkononi mwangu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa nimeshajua. Nasema wazi, kwa wiki mbili hivi nilikuwa najua kwamba mke wangu alikuwa sawa na binti wa kilimo alikuwa sawa, na mimi nilikuwa nimechukua nusu ya somo nikaliita zima. Ilikuwa maneno matatu tu, rudi kwa ng'ombe. Lakini nilimfikiria karani, na yule mama wa kidumu, nikaona nikirudi nyuma watacheka tena. Nikasema, "Kazana tu."

"Nitakazana," akasema.

Kesho yake, Jumatatu, nilikuwa chini ya ng'ombe wa pili. Hakuwa amekuja bandani asubuhi hiyo, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa ameshaingia shambani. Kulipopambazuka nikamwona kwa upenyo wa mbao za banda anatoka kwenye mahindi, amevaa lile koti lake la Kariandusi ambalo halikuwahi kutoka weupe. Alikuwa amemaliza mstari mmoja. Alisimama langoni, akaokota kijiti, akakwangua tope kwenye jembe mpaka chuma kikaonekana, upande huu na upande ule. Akaliegemeza kwenye ua, mpini juu.

"Maziwa yametosha?" akaniuliza kwa mbali.

"Yametosha."

"Haya."

Nilidhani anaenda dukani kununua tumbaku. Hakuwa na begi. Redio ilikuwa chumbani mwake, nilikuwa naisikia inatoa taarifa ya habari. Nilikuwa na ng'ombe watatu bado, na lori halingoji. Niliinama nikaendelea. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshafika barabarani, amesimama kando kupisha trekta. Trekta ikapita, akavuka, akashika njia ya kwenda lami, pole pole, kwa ile pumzi yake. Hakurudi.