Pepo Aliyetaka Kimya

Nilikuwa na umri wa miaka tisa pale mtaa wetu wa Kibokoni ulipokubaliana kwamba nina pepo. Ilikuwa miaka ya tisini, na ushahidi haukukosekana. Chuoni, kwa maalim wetu wa Kurani, nilikuwa nikiziba masikio kwa vidole, maana watoto arubaini walisoma kwa sauti, kila mmoja na aya yake. Nyumbani nilipanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa, na mtu akivivuruga nalia. Harusini nilijificha chini ya kitanda. Jirani mmoja akakumbuka kuniona kisimani wakati wa magharibi, kichwa wazi, na hapo mjadala ukafungwa. Pepo alinipandia pale.

Kisha siku moja nikamng'ata msichana aliyekuwa akinisomea sikioni. Maalim akanirudisha nyumbani mwenyewe.

"Mshughulikieni kwanza mtoto wenu," alimwambia mama mlangoni, "kisha mumrejeshe."

Mama mwenyewe hakuwahi kupita juzuu ya Amma, ile wanayoanzia watoto, na tamaa yake kubwa duniani ilikuwa nihitimu mimi. Nisiporudi chuoni, basi tena.

Akaitwa Bi Zamu, fundi wa kupunga pepo. Alikuja Alhamisi baada ya adhuhuri, akanikalisha mkekani, akanifunika shuka jeupe na kuniwekea chetezo miguuni. Moshi wa ubani ukajaa mle ndani. Wanawake sita wakaimba, wakapiga makofi na ngoma. Mpaka leo naamini kwamba mtu angekaa kitako kubuni adhabu ya mtoto kama mimi, asingepata iliyo bora kuliko hiyo. Nilijikaza hadi wimbo wa tatu, kisha nikapiga ukelele.

"Keshapanda!" walisema.

Bi Zamu akanyamazisha ngoma. Desturi ni kumuuliza pepo haja yake, na akiitaja hupewa. Wengi hutaka pete ya fedha, halua, au kanga mpya.

"Haya bwana, wataka nini?"

Mimi nikiulizwa swali, hujibu. Ndivyo nilivyo.

"Nataka kimya."

"Kimya cha namna gani?"

Nikamweleza. Redio ipunguzwe sauti. Harusini nisipelekwe. Chuoni nisome peke yangu, wenzangu wakishamaliza. Bi Zamu akasema tangu aanze kazi hajaona pepo wa aina hii. Mama, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akadakia kabla hajaulizwa.

"Kapewa. Yote kapewa."

Na kweli nilipewa. Maalim hakuyapenda mambo ya kupunga, lakini alikubali nisome peke yangu barazani, ili mradi nising'ate mtu. Nilihitimu. Jina la pepo lilinifuata, hata hivyo. Wasichana walinikwepa, na posa moja ilirudi njiani kwa sababu hiyo. Nilivumilia, nikijiona mjanja. Nilijua kwamba aliyesema chini ya shuka ni mimi, na niliamini kwamba hakuna mwingine aliyejua.

Miaka ikapita. Mwanangu alipopelekwa kupimwa usonji, nilipewa karatasi ya maswali nijaze. Nilipofika nusu nikagundua kwamba majibu yalikuwa yangu, si yake. Nikaomba nipimwe na mimi. Daktari akataka mtu aliyenijua utotoni, nikaenda na mama. Alimweleza habari za masikio, viatu na kitanda, taratibu, bila kuniangalia. La pepo hakulitaja.

Tulipotoka nikaona sasa nimwambie.

"Mama, siku ile hakusema pepo. Ni mimi."

"Nilijua," alisema. "Pepo gani atakaye redio ipunguzwe? Lakini ungeomba wewe, mwanangu, nani angekupa?"

Kwa miaka yote hiyo nilimwekea mama kinyongo kwa ule moshi, nikisubiri siku nitakayokuwa na moyo wa kumsamehe. Kumbe chini ya lile shuka sikuwa peke yangu. Alisikia nilichotaka, akanipatia kwa njia pekee ambayo mtaa ungeikubali, na akakubali aitwe mama wa mwenye pepo. Daktari atatoa ripoti yake, na naihitaji. Lakini siku ile nililia pale kando ya njia, mimi mtu mzima, na mama akasimama kunisubiri, asiseme neno.